Tarikhi ya Meza ya Maiti

Mwaka 1200 mto Nili haukufurika kama ilivyo ada yake, na Misri, nchi ambayo tangu dahari haitegemei mvua bali maji ya mto huo, iliingia katika njaa iliyoendelea hata mwaka wa pili, watu wakafa njiani na majumbani, wazikaji wakawa wachache kuliko wa kuzikwa. Abd al-Latif, tabibu na mwanazuoni wa Baghdadi aliyekuwa akisomesha Kairo siku hizo, aliandika habari za msiba ule pasipo kuficha jambo, na katikati ya habari hizo za kutisha ametia kisa kifupi ambacho kwa rai yangu kina thamani kuliko mijalada mingi ya utabibu. Wanafunzi waliokuwa wakisoma kwake kitabu cha Galen, tabibu wa kale wa Kiyunani, juu ya viungo vya mwili walikuwa wakitatizwa na maneno ya kitabu, kwa kuwa kusikia sifa za mfupa ni jambo moja na kuushika ni jingine. Wakaambiwa kwamba mahali paitwapo al-Maqs palikuwa na kilima cha mifupa ya watu, na mwalimu akatoka nao kwenda kukitazama. Galen alikuwa amefundisha kwamba taya la chini la mwanadamu ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Abd al-Latif aliokota taya, akaligeuza huku na huku, asione mshono wala alama ya kiungo. Akaokota la pili na la tatu. Wakatazama mafuvu yaliyozidi 2,000, akawataka na watu wengine watazame, yeye akiwapo na asipokuwapo, na wote wakarudi na neno moja, kwamba taya lile ni mfupa mmoja tu. Ndipo alipoandika, kwa adabu kubwa kumwelekea Galen, kwamba ushahidi wa macho una haki ya kusadikiwa mbele ya kauli ya mwanazuoni, hata awe na daraja gani.

Tangu Galen afariki hadi siku ile ya al-Maqs ilikuwa imepita karibu miaka 1,000, na katika muda huo wote kila tabibu aliyesoma kitabu kile, awe Myunani, Mwarabu, Myahudi au Mrumi, alikuwa na taya lake mwenyewe la kupapasa. Lakini haifai kuwacheka, wala kumcheka Galen. Mzaliwa huyo wa Pergamon aliwatibu wapiganaji waliokatana kwa panga mbele ya watazamaji, akajifunza mengi katika majeraha yao, ila mila ya watu wa dola ya Rumi haikumruhusu kupasua maiti ya mtu. Basi akapasua nyani, nguruwe na mbuzi, kisha akaandika kana kwamba alichokiona kwa mnyama kimo vilevile kwa binadamu. Yeye mwenyewe aliwausia wanafunzi wa tiba wasafiri hadi Iskanderia, mji ambao walimu wake walikuwa wakifundisha kwa mifupa halisi ya watu. Iskanderia ilikuwa na urithi huo tangu karne ya 3 kabla ya Masihi, zama za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, wakati Herophilus na Erasistratus walipopasua maiti za watu waziwazi, na Herophilus akafuata mishipa ya fahamu hata ubongoni, akahukumu kwamba ubongo ndio makao ya akili, wala si moyo. Maiti zao zilitoka kwa wafalme. Celsus, mwandishi wa Rumi aliyekuja karne tatu baadaye, amehadithia kwamba wafalme hao waliwapa pia wafungwa kutoka gerezani, wakapasuliwa wakiwa hai. Na ijapokuwa wanazuoni wameshindana juu ya ukweli wa habari hiyo, hakuna aliyeshangaa kwamba waliotajwa ni wafungwa.

Basi tangu mwanzo huo masuala mawili yalikwisha kuzaliwa pamoja: nani ashike kisu, na nani alale mezani. Tarikhi ya elimu ya viungo, ambayo siku hizi huitwa anatomia, imelijibu suala la kwanza kwa fahari. La pili imelijibu kwa aibu, na kila jibu la kwanza lilipopiga hatua mbele, mzigo wa la pili ulizidi kuwa mzito kwa wanyonge.

Walikuwapo waliolijibu suala la kwanza kwa kujizuia. Ibn al-Nafis, mwanazuoni wa Sham aliyefariki Kairo mwaka 1288, alisema wazi katika sharhi yake juu ya Qanuni, kitabu cha tiba cha Ibn Sina, kwamba sharia na huruma iliyomo moyoni mwake vimemzuia asipasue. Na katika sharhi hiyohiyo alikana kwamba ukuta ugawao vyumba vya moyo una vitundu vya kupitishia damu kama Galen alivyodai, akasema damu ya upande wa kuume haina budi ipite mapafuni kwanza ndipo ifike upande wa kushoto. Mtu aliyejinyima kisu aliwezaje kujua ugumu wa ukuta ule? Labda alipasua moyo wa mnyama, labda akili yake ilitangulia mkono. Muswada wake ulikaa kimya maktabani hata mwaka 1924, Muhyi al-Din al-Tatawi, daktari kijana wa Misri aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoukuta Berlin na kuutangazia ulimwengu.

Ulaya ilianza upya katika mji wa Bologna, Italia. Huko Mondino de Luzzi alipasua maiti mbele ya wanafunzi, na mwaka 1316 akamaliza kitabu cha mwongozo kilichotawala vyuo kwa zaidi ya miaka 200. Utaratibu wake ulipangwa na uozo zaidi ya hekima: tumbo kwanza, kwa kuwa ndilo liharibikalo upesi, kisha kifua, kisha kichwa, na mikono na miguu mwisho, kazi yote ikifanywa kwa siku chache za kipupwe kabla harufu haijawafukuza walimu na wanafunzi pamoja. Mondino mwenyewe yaelekea alishika kisu. Waliomfuata walikiona kisu kuwa kazi ya watu duni, wakapanda juu ya kiti kirefu na kusoma kitabu kwa Kilatini, chini yao kinyozi akikata asichokijua, na mtu wa tatu akielekeza kwa fimbo kile ambacho msomaji alikuwa akikitaja bila ya kukitazama. Kitabu kiliposema ini la mtu lina sehemu tano na ini lililo mezani likaonyesha vingine, lililohesabiwa kuwa na makosa ni ini. Ni kama kutaka kumfanya mtu fundi wa jahazi kwa kumsomea habari za jahazi. Lakini tusiwahukumu Wataliani peke yao, maana pwani yetu nayo iliwajua watu wa namna hizo mbili, mwenye kitabu cha tiba aliyeketi barazani, na mpiga chuku au ngariba aliyeshika wembe. Wa kwanza aliitwa kwa heshima, wa pili aliitwa kwa haja.

Mtu aliyeuvunja utaratibu huo alikuwa Andreas Vesalius, aliyezaliwa Brussels mwaka 1514, mwana wa muuza dawa wa mfalme Charles wa Tano. Alipokuwa mwanafunzi Paris alikuwa akishinda katika makaburi ya Innocents, ambako mifupa ya zamani ilifukuliwa kwa wingi, yeye na wenziwe wakiwekeana dau: mtu afungwe kitambaa machoni, apewe mfupa wowote, autaje kwa kupapasa tu. Anasema kwamba walifika hali ya kutoshindwa na mfupa hata mmoja. Hii ndiyo elimu ambayo msomaji wa kitini hakuwa nayo, elimu iliyokaa katika ncha za vidole. Karibu na mji wa Louvain akaona juu ya mti wa kunyongea maiti iliyokwisha kuliwa nyama na ndege, mifupa ingali imeshikamana kwa kano zake. Akapanda, akaing'oa vipande kwa vipande, akaiingiza mjini kwa siri. Mwishoni mwa mwaka 1537, hajatimiza miaka 23, alipewa udaktari katika chuo cha Padua, na papo hapo akawekwa kuwa mwalimu wa upasuaji na anatomia.

Huko Padua alishuka kitini. Alikata mwenyewe, akaonyesha mwenyewe, akasema mwenyewe. Mwaka 1540 alialikwa Bologna, na Baldasar Heseler, mwanafunzi wa Kijerumani aliyekuwapo, aliandika kila alichokiona katika daftari lililosalia hata leo, ambamo tunamsikia mwalimu mzee Curtius akisoma Mondino na Galen, na Vesalius akimjibu kwa kumwambia atazame mezani. Siku ya mwisho wanafunzi walimzunguka Vesalius, mbwa akiwa amepasuliwa kifua na moyo wake ukidunda, wakimuuliza kama mwendo wa mishipa wafuatana na mwendo wa moyo au wapingana nao. Alikataa kuwapa rai yake. Aliwaambia watie mikono yao wenyewe, na waisadiki. Katika vitabu vyote vya elimu hii sijui jawabu la mwalimu lililo bora kuliko hilo. Mwaka 1543 akachapisha mjini Basel kitabu chake kikubwa juu ya umbo la mwili wa mwanadamu, chenye kurasa zaidi ya 600 na picha zilizochongwa katika mbao kwa ustadi ambao mpaka leo humsimamisha mtazamaji, na ndani yake akasahihisha makosa ya Galen moja baada ya moja, taya la chini likiwamo. Jacobus Sylvius, mwalimu wake wa zamani wa Paris, alighadhibika akamwita mwendawazimu.

Lakini kitabu hichohicho kina habari ambazo wasifu wengi wa Vesalius huzipitia haraka. Anasimulia, kwa furaha isiyofaa, jinsi wanafunzi wake walivyosikia kwamba mwanamke aliyekuwa kipenzi cha mtawa mmoja wa Padua amefariki ghafula, wakamwiba kaburini, na kwa kuwa jamaa zake walikwisha kupeleka mashtaka, wakamchuna ngozi yote mwilini ili asijulikane. Jaji wa mji, Contarini, alipendezwa na mafunzo hayo hata akampa maiti za walionyongwa. Huko Basel, mwaka uleule wa kitabu, Vesalius alipasua maiti ya Jakob Karrer, mhalifu aliyekatwa kichwa, akaiunga mifupa yake na kuwaachia wenyeji zawadi. Na kiunzi hicho kingali Basel. Jina lake tunalo kwa sababu ya hukumu yake. Yule mwanamke hana jina kitabuni.

Padua ilijenga ukumbi wa kudumu wa anatomia mwaka 1595, ngazi sita zikizunguka meza moja kama kisima, nyembamba mno hata watazamaji walisimama wima muda wote, na miongoni mwa waliosimama alikuwapo William Harvey wa Uingereza, ambaye mwaka 1628 alithibitisha kwamba damu huzunguka mwilini. Hata hivyo ukumbi ule ulikuwa mahali pa kutazama. Kisu kilikuwa kimoja, mikono iliyokishika ilikuwa miwili, na mamia waliangalia; maiti moja ya mnyongwa iliweza kuwatosha wote.

Hesabu hiyo ilivunjika katika karne ya 18. Mwaka 1746 William Hunter, Mskoti aliyehamia London, alitangaza darasa ambamo kila mwanafunzi angepata kupasua kwa mkono wake kama ilivyokuwa desturi ya Paris. Kwa mtazamo wa elimu hili ni jambo tukufu, ndilo lile la Vesalius limekamilika. Kwa mtazamo wa makaburi ni balaa, kwa kuwa maiti iliyokuwa ikiwatosha mia sasa iliwatosha wachache. Sheria ya mwaka 1752 iliwapa matabibu miili ya wauaji walionyongwa, kwa kusudi la kuwatia watu hofu zaidi ya kifo, na kwa njia hiyo ikaiunganisha meza ya anatomia na adhabu katika fikira za umma. Lakini wauaji hawakutosha. Wakazuka wezi wa makaburini. Sheria ya Uingereza haikumhesabu maiti kuwa mali ya mtu yeyote, hivyo aliyechukua sanda alikuwa mwizi wa kuhukumiwa vikali, na aliyechukua maiti akaiacha sanda kaburini alikuwa na kosa dogo tu. Nao wezi, wakiijua sheria kuliko mawakili, waliirudisha sanda. Wenye fedha walijengea wafu wao vizimba vya chuma, ambavyo baadhi yake vingali vikionekana katika makaburi ya Scotland. Maskini walilala makaburini zamu kwa zamu, au walikubali.

Edinburgh ulikuwa mji wa madaktari, na mwalimu aliyependwa kuliko wote mwaka 1828 alikuwa Robert Knox, ambaye darasa lake lilijaza mamia. Katika nyumba ya wageni ya kichochoro cha West Port alifariki mzee mpangaji mwenye deni la kodi, kwa maradhi yake mwenyewe. Mwenye nyumba, William Hare, na rafikiye William Burke wakaona kwamba deni litalipika, wakajaza jeneza maganda na vumbi, wakaipeleka maiti kwa Knox na kupewa paundi saba na shilingi kumi. Hawakuulizwa neno. Wakafikiri, kama wafikirivyo watu wa namna yao, kwamba kungoja kifo ni kupoteza wakati. Na katika muda usiotimia mwaka wakawaua watu 16, wakiwalewesha na kuwaziba pumzi ili mwili usiwe na jeraha la kumshuku mtu, na waliochaguliwa walikuwa ni wageni, walevi, wanawake wa njiani, kijana mmoja mwenye akili pungufu aliyejulikana na mji mzima, yaani watu ambao haikudhaniwa kwamba yupo wa kuwaulizia. Walikamatwa baada ya mauaji ya usiku wa 31 Oktoba 1828. Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenziwe akaokoka. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829, na kwa hukumu ya mahakama akapasuliwa mbele ya wanafunzi. Kiunzi chake kimesimama katika makumbusho ya anatomia ya Edinburgh mpaka leo. Knox hakushtakiwa. Umati ulichoma sanamu yake, naye baada ya miaka kadhaa akauhama mji. Mtu aweza kusema hakujua, lakini mwalimu awezaye kuutaja kila mshipa wa shingo, ambaye haulizi maiti changa, ingali na joto, imetoka wapi, ujinga wake ni wa hiari.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1832, na sheria hiyo ndiyo iliyokomesha biashara ya makaburini. Ilifanyaje? Iliruhusu waliokuwa na mamlaka juu ya maiti, wakiwamo wasimamizi wa nyumba za maskini na hospitali, kuzitoa kwa walimu endapo hapakuwa na jamaa aliyezidai. Kwa neno jingine, adhabu iliyokuwa ya muuaji iliondolewa kwa muuaji ikawekwa juu ya fukara. Mwaka uleule, tarehe 6 Juni, mwanafalsafa Jeremy Bentham alifariki akiwa ameacha wasia kwamba mwili wake upasuliwe mbele ya marafiki zake kwa manufaa ya elimu, na ikafanywa hivyo, akitaka kuwaonyesha matajiri kwamba meza ile si fedheha. Matajiri walisifu, hawakufuata. Henry Gray na mchoraji wake Henry Vandyke Carter, waliotoa mwaka 1858 kitabu cha anatomia ambacho bado hubeba jina la Gray, walifanya kazi yao London chini ya sheria hiyo, na miili waliyoichora kwa uzuri ule ni ya watu wasiodaiwa na mtu. Tangu miaka ya 1890 formalini ilianza kutumika, dawa ambayo huingizwa mwilini kwa mshipa mkubwa wa paja au wa shingo na kuufanya udumu miezi na miaka bila ya kuoza, hata mwanafunzi akapata wasaa ambao Mondino hakuuota.

Ama nchi za Kiislamu, kisa kilichonivutia zaidi ni cha Misri. Muhammad Ali, mtawala wa nchi hiyo, akitaka jeshi lenye afya, alimleta daktari wa Kifaransa Antoine Clot, aliyejulikana baadaye kwa jina la Clot Bey, naye mwaka 1827 akafungua chuo cha tiba Abu Zabal, nje ya Kairo. Wanafunzi walitolewa al-Azhar. Walijua Kurani, nahau na fikihi, hawakujua Kifaransa. Walimu walijua tiba, hawakujua Kiarabu. Baina yao waliketi wakalimani ambao ilipasa wafundishwe tiba kwanza ndipo waweze kuitafsiri. Juu ya taabu hiyo lilikuwapo suala la maiti. Mafunzo ya dini yanamtaka Mwislamu amheshimu maiti kama amheshimuvyo aliye hai, na kumvunja mfupa maiti ni kama kumvunja akiwa na roho yake. Haya si ushirikina wa kudharauliwa, kama baadhi ya Wafaransa walivyoandika, bali ni hishima ambayo Edinburgh ilikuwa na haja nayo. Clot Bey alijadiliana na maulamaa, akileta hoja ya dharura na maslaha ya umma, nao hawakutoa fatwa ya wazi. Walilinyamazia jambo mradi lifanyike faraghani. Vijana walitetemeka mwanzoni. Mmoja wao alimrukia mwalimu kwa kisu katika chumba cha upasuaji, mwalimu akanusurika. Lakini mwaka 1832 wanafunzi 12 wa chuo hicho walipelekwa Paris kukamilisha masomo, na mwaka 1837 chuo kikahamia Qasr al-Ayni, ndani ya Kairo, mji uleule wa Abd al-Latif. Mtu anayesema kwamba dini iliizuia elimu hii na asome vizuri mwendo huo: kilichokosekana hakikuwa ruhusa, bali ilikuwa mtu wa kuiomba kwa adabu.

Bara Hindi lilikuwa na kisa cha namna hiyo. Kitabu cha kale cha Sushruta kiliagiza maiti itiwe katika kizimba, izamishwe katika maji yendayo kwa siku saba, kisha tabaka za ngozi na nyama zisuguliwe polepole kwa majani hata kila kilichomo kionekane. Lakini elimu ile ya mkono ilikwisha kuachwa kwa kuogopa najisi ya maiti. Mwaka 1836, katika chuo kipya cha Calcutta, Madhusudan Gupta, mwalimu wa tiba ya jadi na msomi wa Sanskriti, alitwaa kisu mbele ya wanafunzi waliosimama mlangoni wakichungulia, akapasua. Tabaka lake lilimlaumu, wanafunzi wakamfuata.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hii ilifika kwa njia ya Mulago, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari ya Makerere yalianza mwaka 1924, na kwa miaka mingi kijana wa Tanganyika, Kenya au Unguja aliyetaka kuwa daktari alikuwa aghalabu hana budi kupanda garimoshi au meli kwenda huko. Dar es Salaam ilipata chuo chake mwaka 1963, kando ya hospitali ambayo sasa ni Muhimbili, na Nairobi mwaka 1967. Vyumba vya anatomia vya vyuo hivi vilipangwa kwa mfano wa Uingereza: meza zenye vidimbwi vya kupitishia maji, wanafunzi wakigawanywa makundi kwa makundi kila kundi na maiti yake, formalini ikiwachoma macho, mmoja akisoma kitabu cha mwongozo na wenziwe wakikata ngozi, wakiondoa mafuta, wakitenga musuli na musuli, wakiutafuta mshipa wa fahamu mweupe ulio mwembamba kama uzi. Wako wasioweza kula nyama wiki za kwanza. Kisha hofu huisha na jambo la pili hutokea, ambalo ndilo faida ya kazi yote: mshipa ambao kitabu kimesema hutokea hapa, kwa maiti hii umetokea pale, na mwanafunzi hufahamu kwamba kitabu kinasimulia mtu ambaye hajapata kuzaliwa, na mgonjwa wake wa baadaye atakuwa ni mtu mwingine kabisa. Hakuna picha iliyofundisha hayo kwa nguvu hiyo.

Wapo wasemao kwamba siku hizi ramani za kompyuta zitaondoa haja ya meza. Huenda zitapunguza. Lakini na watazame zilikotoka. Atlasi ya Eduard Pernkopf wa Vienna, iliyoanza kutolewa mwaka 1937 na kusifiwa na wapasuaji kwa miaka mingi, ilichorwa katika taasisi ambayo wakati wa utawala wa Hitler ilipokea maiti za watu wasiopungua 1,377 waliouawa kwa hukumu, wengi wao kwa kosa la kuupinga utawala huo. Na mwili wa kwanza wa binadamu kuwekwa wote katika kompyuta kwa ajili ya wanafunzi, uliotolewa Marekani mwaka 1994, ukiwa umegandishwa na kukatwa vipande 1,871 vyenye unene wa milimita moja, ulikuwa wa mtu aliyeuawa kwa hukumu katika gereza la Texas mwaka uliotangulia. Aliridhia mwenyewe kuutoa, yasemwa; nami nauliza ridhaa ya mtu aliye mlangoni mwa kifo ina uzito gani. Tangu Iskanderia ya Herophilus hadi Texas, chombo kimebadilika, na mtu wa mezani hakubadilika.

Katika nchi nyingi za Afrika maiti za kufundishia bado ni zile zisizodaiwa, kwa utaratibu uliorithiwa kutoka sheria ile ya 1832. Siwalaumu walimu, ambao wamepokea madarasa makubwa na mochwari zilizojaa; bali nawaomba wao, na mashekhe, na mapadri, na wabunge, wakae pamoja wafungue mlango wa wasia, ili mwenye kutaka kuutoa mwili wake autoe kwa hiari na mbele ya mashahidi, na asiyetaka aachwe. Na mpaka mlango huo utakapofunguka, wasio na jamaa wapewe haki ndogo iliyokwisha kuandikwa zamani. Sheria ya 1832, pamoja na dhuluma yake yote, ilimlazimisha kila mwalimu kumzika kwa heshima mtu aliyempasua, katika ardhi iliyotengwa kwa ibada ya dini yake, na kupeleka kwa mkaguzi hati ya kuthibitisha maziko hayo. Chuo chochote chetu kisichoweza leo kuonyesha hati kama hiyo kwa kila maiti iliyopita mezani pake kiko nyuma ya Uingereza ya mwaka 1832.